Ghorofa ya 19 na mguu wangu wa kulia

Mwaka jana nilikaa chini kwenye ghorofa ya 19. Jengo lenyewe lina ghorofa 52, ngazi 1,144 kutoka mlango wa chini mpaka juu kabisa, na nilijiandikisha kupanda nikiwa na uhakika wote duniani, maana nakimbia kilomita 10 mara tatu kwa wiki, sivuti sigara, nalala vizuri, mapigo ya moyo nikiwa nimetulia ni 54. Nikaanza kwa kuruka ngazi mbili mbili. Ghorofa ya tano nawapita watu, ya nane bado najisikia vizuri kabisa, ya 12 kifua kikaanza kubana, ya 16 mguu wa kulia ukawa kama sio wangu, nikiuambia panda haupandi, na ya 19 nikashika reli nikakaa kwenye kipandio na sikuweza kuinuka kwa dakika saba nzima. Wote niliowapita wakanipita. Mmoja mmoja. Wengine walikuwa wamenizidi umri kwa miaka ishirini hivi, na wengi wao hawakuwa wanakimbia, walikuwa wanatembea tu, hatua, hatua, mkono kwenye reli, macho chini.

Kijana wa huduma ya kwanza akanipima, akasema moyo uko sawa, akanipeleka kwenye lifti. Nilishuka nikiwa nimenyamaza kimya. Kilichoniuma hasa ni kwamba sikuelewa. Kama ningekuwa nimeacha mazoezi ningejua kosa ni wapi, lakini nilikuwa nafanya mazoezi, tena kwa bidii, sasa imekuwaje?

Mambo yaliyofuata yamenichukua wiki 16 za mazoezi na nayaandika hapa kwa ajili ya mtu ambaye amejiandikisha kupanda jengo, au mlima wenye ngazi, au mnara, na anadhani kukimbia kwake kunatosha. Hakutoshi. Kunasaidia, ila hakutoshi.

Tuanze na hesabu, maana hesabu ndo iliyonifungua macho. Kipandio kimoja cha lile jengo kina kimo cha kama sentimita 17. Zidisha kwa 1,144, unapata mita 194 na kidogo. Mi nina kilo 74. Kwa hiyo kazi yenyewe ni kuzibeba kilo 74 na kuzipandisha mita 194 kwenda juu, basi, hakuna kingine. Hiyo ni kama kilojuli 141 za kazi, na kwa kuwa misuli inageuza kama robo tu ya nishati kuwa kazi, iliyobaki inatoka kama joto, mwili unachoma kalori kama 135 hivi. Ni kidogo! Mbio zangu za kilomita 10 zinachoma mara nne au tano zaidi ya hapo. Kwa hiyo jumla ya kazi sio tatizo kabisa, na hapo ndo nilipokuwa nimedanganyika.

Tatizo ni unaifanya kwa haraka kiasi gani. Kaka yangu alinirekodi kwenye simu ghorofa za mwanzo kabla hatujapotezana, nikairudia ile video nikihesabu sekunde, kila ghorofa nilikuwa natumia sekunde 10. Ukipiga hesabu, kwa uzito wangu hizo ni wati kama 270. Wati 270 ni kiwango ambacho mwendesha baiskeli aliyejifua miaka mingi ndo anakimudu kwa muda mrefu, mi sio mtu huyo. Kama ningepanda kila ghorofa kwa sekunde 18 ningekuwa natumia wati 150 tu, na ningefika juu kwa dakika kama 15 na nusu. Sekunde nane! Tofauti ya kufika na kutofika ilikuwa sekunde nane kwa kila ghorofa, na mimi mwenyewe kwa hiari yangu ndo nilizitupa pale chini wakati bado nina nguvu.

Na kuna kitu kingine ambacho mkimbiaji hakijui mpaka kimkute. Ukikimbia tambarare, kano za miguu, hasa ile ya nyuma ya kisigino, zinafanya kazi kama springi, unatua zinavutika, unanyanyuka zinakurudishia sehemu ya nguvu. Kwenye ngazi springi hiyo haina kazi kubwa. Kila hatua inaanza upya, goti limekunjwa, mwili wote uko juu ya mguu mmoja, na kazi ya kuunyanyua inaangukia mapaja ya mbele na makalio, misuli ambayo kwenye mbio zangu za tambarare haikuwahi kuombwa kiasi hicho. Alafu hakuna mteremko wa kupumzikia, hakuna sehemu unajiachia ukabebwa na kasi yako, ukisimama umesimama.

Sasa ngoja niseme la pumzi, maana watu wengi wanasema "nilikata pumzi" kama vile ni bahati mbaya. Unapoanza kupanda, misuli inataka oksijeni sasa hivi, lakini moyo na mapafu yanachukua kama dakika mbili au tatu kufikia kiwango kinachohitajika. Katikati hapo mwili hausimami kusubiri, unakopa. Sekunde chache za mwanzo kuna akiba iliyoko ndani ya misuli yenyewe, ile inaisha upesi, kisha misuli inaanza kuchoma sukari bila kungoja oksijeni, na hapo ndo mapaja yanapoanza kuwaka. Ubaya wake ni kwamba mkopo huo hauusikii unapouchukua. Ghorofa ya tano unajisikia mwepesi kwa sababu unakula mkopo, ukija kusikia uzito kwenye ya 12 deni tayari ni kubwa, na ngazi hazina sehemu ya kulilipia. Nilipoelewa hilo, mwaka jana wote ukanikaa sawa kichwani. Ghorofa ya 19 ilikuwa mahali tu pa kuangukia, safari yenyewe nilikuwa nimeshaipoteza kwenye ya sita.

Haya, mazoezi.

Jengo ninaloishi lina ngazi 200 kutoka chini mpaka mwisho, kila ghorofa 20, unapanda kumi, unageuka, unapanda kumi. Niliona hiyo ni zawadi. Raundi sita ni ngazi 1,200, zaidi ya zile ninazozitafuta. Jumamosi ya kwanza nikafanya raundi tano, napanda haraka, nashuka kwa miguu mbio mbio, napanda tena. Jumapili nilikuwa sawa. Jumatatu sikuweza kukaa kwenye kiti bila kushika meza kwa mikono miwili, na Jumanne ikawa mbaya zaidi. Nilidhani nimejiumiza kwa kupanda, kumbe ni kushuka. Unaposhuka, paja linafanya kazi ya breki, misuli inakaza huku inarefuka, na kazi ya namna hiyo ndo inayochana nyuzi ndogo ndogo za misuli kuliko kazi nyingine yoyote, maumivu yake yanakuja taratibu na kufika kileleni siku ya pili au ya tatu. Kwa hiyo kama ndo unaanza, panda kwa miguu, shuka kwa lifti. Baadaye anza kushuka raundi moja, mbili, kwa upole, maana habari njema ni kwamba misuli ikishapitia hayo mara moja inajijenga na mara ya pili haiumii vile, kinga hiyo inadumu wiki kadhaa. Ila usianze nayo kwa raundi tano kama mimi.

Wiki hiyo hiyo ndo nilipoongea na dada wa usafi.

Yeye anasafisha ngazi zetu kila siku ya kazi, tena sio mara moja, ananipita akipanda na ndoo na fagio, ameshafanya kazi hiyo miaka tisa, na naona aibu kuandika kwamba miaka yote hiyo sikuwahi kuangalia anavyopanda. Ile Alhamisi nilikuwa nimesimama ghorofa ya saba nimeinama mikono kwenye magoti. Akaja na ndoo yake, akaiweka chini, akaniangalia.

"Kaka yangu, wewe unapanda kama unafukuzwa."

Nikamwambia dada, najiandaa kupanda ghorofa 52.

"Kwa pumzi hii?" Akanyamaza kidogo alafu akasema, "Mi nikianza kuhema kwa mdomo najua nimeenda haraka. Napunguza mpaka mdomo ufunge wenyewe. Tena usikanyage kwa vidole, utachoka vigimbi. Weka mguu wote."

Akabeba ndoo akaendelea, na nikamfuata kwa nyuma kwa macho tu, nikimhesabia. Kila ghorofa sekunde 21 au 22. Ya nane 21, ya tisa 22, ya kumi 21. Na maji kwenye ndoo. Hakubadilika hata kidogo, hakushika ukuta, hakusimama kwenye kona. Nimesoma mipango mingi ya mazoezi tangu hapo lakini hakuna iliyonifaa kuliko yale maneno matatu manne, na kila kitu nilichokuja kukisoma baadaye kilikuwa kinaeleza tu kwa nini yeye yuko sahihi. Kuhemea puani ni kipimo kizuri cha kasi kwa sababu pua inapitisha hewa kidogo, ukizidisha mwendo lazima mdomo ufunguke. Saa ya mkononi inayosoma mapigo ya moyo inachelewa, unaweza kuwa umeshaharibu ghorofa tatu ndo inakuambia, lakini mdomo unakuambia hapo hapo. Na ukikanyaga kwa mguu wote kisigino kikakaa kwenye kipandio, mzigo unaenda kwenye makalio na mapaja ambayo ni misuli mikubwa, badala ya vigimbi ambavyo ni vidogo na vinachoka mapema.

Kwa hiyo wiki nne za mwanzo nilifanya kitu kimoja tu, mara tatu kwa wiki: kupanda nikiwa nimefunga mdomo. Raundi mbili, alafu tatu, alafu nne, nashuka kwa lifti. Sitaki kudanganya kwamba ni rahisi, kwa mtu aliyezoea mbio ni kazi ngumu sana kwenda polepole wakati miguu inataka kuruka, na kuna siku nilifika juu nikahisi kama sijafanya chochote. Lakini wiki ya nne nilipanda raundi nne kwa kasi ambayo wiki ya kwanza ilikuwa inanifungua mdomo ghorofa ya sita, na mdomo haukufunguka.

Raundi zina kasoro moja, lifti ikikushusha unapumzika dakika nzima. Kwa hiyo siku moja kwa wiki nilienda jimu kwenye ile mashine ya ngazi zinazozunguka, dakika 20 bila kusimama. Ukiitumia usiilalie kwa mikono, ukiegemea zile reli unaipa mashine uzito wako na miguu haijifunzi kitu, gusa tu kwa ajili ya balansi. Kuanzia wiki ya saba nikaongeza zile za kukaza kwenye mashine hiyo hiyo: dakika nne ngumu, dakika tatu nyepesi, mara nne. Ngumu maana yake unaweza kusema neno moja au mawili, sentensi haitoki. Hiyo nilifanya mara moja tu kwa wiki, na kwa kweli mara moja inatosha.

Na nguvu. Hapa nitasema kwa mkazo kwa sababu wakimbiaji tunaikwepa jimu. Ngazi ni kunyanyua uzito wa mwili kwa mguu mmoja mara elfu moja na zaidi, kwa hiyo ule mguu mmoja lazima uwe na nguvu za ziada, ili kila hatua iwe inakula sehemu ndogo ya uwezo wake. Nilikuwa napanda benchi la kimo cha goti nikiwa na begi mgongoni, mguu mmoja seti tatu za kumi kisha mwingine, nikishuka taratibu kwa kuhesabu tatu. Skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka. Kunyanyuka kwa vidole vya miguu kwa ajili ya vigimbi. Na kuvuta, watu wanasahau kuvuta, lakini reli ipo na mikono ipo, na ukijua kuvuta vizuri unaigawia miguu kazi kidogo kwenye kila hatua. Kidogo mara elfu ni kingi. Mara mbili kwa wiki, dakika 40, sikuzidisha.

Wiki ya sita nilikosea. Nilikuwa najisikia vizuri mno, nikaongeza raundi kutoka tano mpaka tisa ndani ya wiki moja, na chini ya pia ya goti la kulia kukaanza maumivu, mwanzoni wakati wa kushuka tu, alafu hata nikikaa muda mrefu. Nilichojifunza ni kwamba misuli na pumzi vinajengeka haraka, wiki chache unaona mabadiliko, lakini kano zinachukua miezi, kwa hiyo unafika mahali injini iko tayari na kamba bado. Nikapumzika ngazi siku tisa. Siku tisa! Nilidhani zitaharibu kila kitu. Niliendelea na baiskeli nyepesi na skwati za kuegemea ukuta nikikaa pale bila kusogea, sekunde 40 kwa seti, na niliporudi pumzi ilikuwepo yote. Kama wewe ni mtu wa kuogopa kupumzika, kama nilivyokuwa, naomba uniamini kwenye hili. Na kama una presha, tatizo la moyo, au umekaa miaka bila mazoezi, muone daktari kabla hujaanza, na ukisikia kifua kinakaza au kizunguzungu kwenye ngazi, simama hapo hapo, jengo halihami.

Sasa nije kwenye mguu wa kulia, kwa sababu hili ndo jambo ambalo nimelifurahia kuliko yote na sijawahi kulisoma mahali.

Mwaka jana mguu wa kulia ulikufa kabla ya wa kushoto. Nilikuwa najua tu kwamba ndo ulivyo, labda ni dhaifu. Lakini kwenye mazoezi ya nyumbani miguu yote ilikuwa inachoka sawa, kila siku, hata nilipokuwa narukia mbili mbili, na hilo likanisumbua. Wiki ya tisa nimelala usiku nikakumbuka kwamba waandaaji walisema ngazi 1,144 kwa ghorofa 52, ni 22 kila ghorofa, yaani 11 unageuka 11. Nikawasha taa. Nyumbani ni kumi unageuka kumi. Ukiruka mbili mbili kwenye ngazi kumi unapiga hatua tano, namba witiri, kwa hiyo ukianza na kulia unamaliza na kulia, na kipande kinachofuata, baada ya kugeuka, unaanza na kushoto, miguu inapokezana yenyewe bila wewe kujua. Lakini kwenye 11 unapiga hatua tano za mbili mbili na moja ya kipandio kimoja, jumla sita, namba shufwa. Ukianza na kulia, kila kipande utaanza na kulia, mpaka juu. Na kulia anachukua hatua ya kwanza, ya tatu na ya tano, zote nzito, wakati kushoto anachukua ya pili na ya nne, na ile ya mwisho nyepesi. Vipandio sita kwa vitano kila kipande, ghorofa 52, vipande 104. Mguu wangu wa kulia ulikuwa njiani kuvinyanyua vipandio 104 zaidi ya mwenzake!

Dawa yake ni rahisi. Kipande kimoja unaiweka ile hatua moja nyepesi mwishoni, kipande kinachofuata unaiweka mwanzoni. Ukianza nayo, kulia anapata ile nyepesi na kushoto anabeba tatu nzito. Basi, mzigo umegawanyika. Nikaenda kutafuta ngazi zenye 11 za kujizoeza na nikazipata kwenye maegesho ya magari, nikarudia mpaka ikawa haihitaji kufikiri. Hesabu ngazi zenu jamani, kabla ya siku yenyewe. Uliza, au nenda kaangalie. Na ukiona hesabu inakuchanganya panda moja moja, hakuna ubaya wowote, wapo wengi wanaopanda moja moja kwa mwendo wa haraka na wanafika vizuri, kuruka mbili kunaita makalio zaidi na kunapunguza idadi ya hatua, ila kunataka nguvu ambazo sio kila mtu anazo mpaka ghorofa ya mwisho. Mi niliamua kuanza moja moja na kuchanganya baadaye.

Siku nilizokosa hamu nilikuwa nawasoma wanaofanya mchezo huu kwa dhati. Mbio za kupanda Empire State Building kule New York zilianza 1978, ghorofa 86, ngazi 1,576, na mwaka 2003 Paul Crake wa Australia alizipanda kwa dakika 9 na sekunde 33. Gawanya mwenyewe, ni karibu vipandio vitatu kwa sekunde, na anaendelea hivyo karibu dakika kumi. Suzy Walsham, wa Australia pia, ameshinda upande wa wanawake mara kumi. Kule Uswisi kuna mlima Niesen, pembeni ya reli ya treni yake kuna ngazi 11,674, na ni siku moja tu kwa mwaka watu wanaruhusiwa kuzipanda kwa mashindano. Mara kumi ya zangu! Lakini waliokaa moyoni mwangu zaidi ni wazima moto wa Marekani na raia wanaopanda ghorofa 110 kila Septemba kwa ajili ya wale wazima moto 343 waliokufa New York mwaka 2001, wengine wanapanda na sare nzito na mtungi wa hewa mgongoni. Wale wa 2001 hawakuwa kwenye mashindano, walikuwa wanapanda kuwaendea watu. Nikiwa ghorofa ya nne na begi langu jepesi nilikuwa nawakumbuka.

Wiki mbili za mwisho nilipunguza, raundi nusu ya kawaida, nikabakiza chache za haraka ili miguu isisahau. Mwili unajijenga unapopumzika, ukienda na uchovu umeenda na deni.

Siku yenyewe niliwasha mwili dakika 20 nje, nikitembea haraka, nikikimbia taratibu, nikikaza kidogo mara tatu, kisha nikafanya mambo yatulie dakika chache. Hilo mwaka jana sikufanya, nilitoka kwenye foleni mwili ukiwa baridi nikaingia kwenye ngazi, na sasa unajua kwa nini ni kosa, moyo na mapafu yakiwa yameshaamka mkopo wa mwanzo unakuwa mdogo.

Ghorofa 15 za kwanza nilifunga mdomo. Moja moja, mguu wote, sekunde 18, nikihesabu kimoyomoyo. Watu walinipita wengi, sio siri, na kuna kijana alinipita kwenye ya sita akiruka kama nilivyokuwa naruka, nikatamani kumwambia kitu lakini hakuna nafasi ya kuongea pale. Kwenye kona nilikaa upande wa ndani, mkono wa ndani kwenye reli, navuta, nazunguka karibu na nguzo, hatua mbili fupi badala ya nne. Hewa ya kule ndani ni kavu na ina vumbi, koo linakauka mapema, kwa hiyo jiandae, utakohoa mpaka jioni hata ukiwa mzima kabisa.

Ya 19 niliitambua kabla sijasoma namba, kuna bomba jekundu kwenye kona. Kipandio ni kile kile. Nilikikanyaga kwa mguu wa kulia na ulikuwa na nguvu, nikaendelea, na nilipofika ya 20 nikagundua machozi yananitoka na nimeachia hesabu, ikabidi nianze kuhesabu upya.

Kutoka ya 25 nikaanza kuchanganya, mbili mbili kwa vipande viwili, moja moja kwa kimoja, ile hatua nyepesi mara mwishoni mara mwanzoni. Ya 40 mapaja yanawaka kweli kweli. Ya 44 nikampita yule kijana, amekaa, nikamgusa bega nikamwambia pumzika alafu endelea kutembea tu, bado ziko chache. Ya 48 sikumbuki. Juu kabisa kuna mlango wa chuma umewekwa kitu usifunge, mwanga unaingia, nikatoka nikashika magoti. Dakika 15 na sekunde 9.

Kijana naye akafika, kama dakika tano baadaye, anatembea.

Jumatatu asubuhi nilimkuta dada wa usafi ghorofa ya chini anajaza ndoo. Alijua nilikuwa napanda Jumamosi. Hakuuliza kama nilifika, hakuuliza muda.

"Mdomo ulifunguka ghorofa ya ngapi?"

"Ya 31, dada."

Akafikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali, akanyanyua ndoo. Nikamwomba nibebe mimi, akanipa fagio. Tukapanda, yeye mbele.